Kabla ya shindano sema, kisha shindano ngoja

Wamama wengi wanapenda shindano kuliko kinini. Mtoto akikohoa siku mbili tu, mama anamwambia munganga: "Umpige shindano, atapona mbio." Ni kweli, shindano ya penisilini ao ya ampisilini inaokoa mtoto mwenye ugonjwa mzito wa mapafu, ao yule anayetapika kila dawa. Lakini mafua haiponi kwa penisilini. Umwachie munganga achague.

Dawa hii ina hatari moja ambayo kila mama anapaswa kuijua. Kuna watu wachache ambao mwili wao unakataa penisilini. Si kwamba dawa imeoza. Tena mwili unaweza kuikubali mara ya kwanza, halafu mara ya pili ao ya tatu ukaikataa kwa nguvu. Kwa hiyo usiseme: "Huyu alikwisha kupigwa mwaka jana, hakuna neno."

Munganga akiwa hajapiga bado, mwambie kama mtoto, ao wewe mwenyewe, alipata siku moja vipele, kuvimba uso ao kupumua kwa shida kisha dawa, hata kama ilikuwa kinini ao siro. Penisilini, ampisilini na amoksisilini ni za ukoo mmoja. Anayekataa moja anaweza kukataa zingine. Kama hujui jina la dawa ile, leta sanduku lake ao karatasi ya kliniki. Usifiche neno hili kwa kuogopa kunyimwa shindano. Dawa zingine ziko.

Kisha shindano, kaa nusu saa. Hapa ndipo wengi wanakosea. Jua limepanda, shamba linangoja, watoto wengine wana njaa nyumbani, basi mama anamfunga mtoto mgongoni na kwenda. Lakini hatari kubwa inakuja mara nyingi ndani ya hiyo nusu saa, na mtoto aliye mgongoni humwoni uso. Mketishe mbele yako, umtazame. Mwili ukiwasha, midomo ao macho yakivimba, akikohoa na kupumua kwa sauti, akitapika, akilegea na jasho baridi, piga kelele! Usione haya, hata kama munganga yuko na mtu mwingine. Mlaze, usimnyweshe kitu. Kama anapumua kwa shida, mwache akae. Munganga atampiga dawa inayoitwa adrenalini, na inafaa ipigwe upesi. Njiani hakuna mtu mwenye dawa hiyo. Vipele vikitokea nyumbani kisha siku chache, rudi umwambie munganga mbele ya shindano ingine.

Hatari ya pili iko katika shindano yenyewe. Mwaka wa 1976, katika hospitali ya Yambuku, kaskazini mwa inchi yetu, seringi na shindano chache zilitumiwa kwa wagonjwa wengi, zikisafishwa kwa maji tu. Ebola ikapita humo. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, hata waganga na wauguzi 11 kati ya 17 wa hospitali hiyo. Sida na ugonjwa wa maini unaoitwa epatiti B vinapita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo seringi na shindano ziwe mpya, zifunguliwe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako. Kuuliza si kumtukana munganga.

Yule anayezunguka sokoni na shindano katika mfuko, anayekuja kupiga watoto nyumbani kwa bei ndogo, hana adrenalini, wala hajui mahali pa kupiga. Katika tako kuna mshipa mkubwa unaoendesha mguu. Shindano ikiugusa, mguu unaweza kulegea, na wengine wanabaki vilema. Ndiyo sababu mtoto mdogo anapigwa kwenye paja, upande wa inje. Mtoto aliyetembea vizuri asubuhi, kisha shindano akaanza kuburuta mguu, mlete siku ile ile, usingoje kesho.