Ndugu Yako Akikamatwa, Jina Lake Liandikwe Mapema



Wengi wetu hapa kambini tumetoka Buyenzi, au tumeacha shangazi na wajomba kwenye zile avenyu zenye namba. Kwa hiyo neno "kuchukuliwa" hatuhitaji kufundishwa maana yake. Gari linasimama usiku, watu wanaingia uani, kijana anatolewa na shati mkononi, na asubuhi mama yake anazunguka kasho moja hadi nyingine akijibiwa, "Hayupo hapa." Wazazi wetu wanakumbuka Machi 1995, mauaji yalipoingia Buyenzi na Bwiza na watu wengi wakavuka kwenda Uvira. Wanakumbuka pia miaka iliyofuata ya vita. Na sisi tuliokimbia 2015 tunayo ya kwetu.

Huenda unajiuliza mambo ya kukamatwa yanahusu nini jarida la afya. Yanahusu kwa sababu waliotoka kasho ndio tunaowakuta nyumbani wakiumwa mgongo, wakikojoa damu, wakiamka usiku na kupiga kelele, na hawasemi kitu. Na familia zilizopoteza mtu zinaumwa pia, ingawa hawana kidonda cha kuonyesha.

Kwanza sheria, kwa kifupi. Hata wakati wa vita, mtu aliyekamatwa ana haki. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inakataza kumpiga, kumtesa na kumdhalilisha mtu asiyeshika silaha tena, awe raia au mpiganaji aliyekamatwa. Burundi iliridhia mkataba dhidi ya mateso mwaka 1993, na sheria yake ya jinai ya 2009 iliyahesabu mateso kuwa kosa lenye adhabu. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai iliyoanza kutumika Januari 2000 iliwapa polisi siku 7 za kumweka mtu, zikiongezwa haziwezi kupita 14. Baada ya hapo lazima afike kwa mwendesha mashtaka au aachiwe. Anayewekwa ndani ya nyumba ya mtu, kwenye kambi ya jeshi au mahali pasipojulikana amefungwa kinyume cha sheria hata kama ni kwa saa moja.

Utaniambia sheria haikumzuia yeyote kupigwa. Ni kweli. Lakini anayemtesa mfungwa anategemea jambo moja, kwamba hakuna anayejua mfungwa yuko wapi. Jina likishaandikwa kwenye daftari ambalo si lake, kumpoteza mtu huyo kunakuwa kazi ngumu zaidi.

Angalia mwaka 1972. Watu walichukuliwa kwa malori, na familia nyingi hazikuthubutu hata kuuliza. Mwanzoni mwa 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja huko Karuzi, ikatoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Karibu miaka hamsini, na mtoto anamtambua baba yake kwa miwani.

Sasa angalia Muyinga, mwaka 2006. Watu wapatao 30 waliodaiwa kuwa na FNL walikamatwa, wakapelekwa kambi ya jeshi ya Mukoni, na miili ikaonekana kwenye mto Ruvubu. Safari hii watu walisema. Majina yalifika kwa mashirika ya haki za binadamu, mashirika yakapiga kelele, na mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ikawatia hatiani wanajeshi kadhaa. Haikurudisha uhai wa mtu, na wengi waliona adhabu ni ndogo. Hata hivyo hakuna anayeweza tena kusema halikutokea.

Mtu aliyeonyesha njia hiyo Burundi ni mzee Pierre Claver Mbonimpa. Alifungwa Mpimba kuanzia 1994 hadi 1996, akaona kwa macho yake yanayofanyika humo, na mwaka 2001 akaanzisha APRODH, chama cha kutetea wafungwa. Kazi yao kubwa ilikuwa ile inayoonekana ndogo: kwenda kasho na magereza, kuuliza nani yumo, tangu lini, kwa karatasi gani. Agosti 2015 alipigwa risasi Bujumbura, akapona. APRODH ilifutwa na serikali Oktoba 2016, Ligue Iteka ikafuata mapema 2017, na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ikafungwa Februari 2019. Nakuambia haya ili usimtume bibi yako aliyebaki Buyenzi akagonge milango ya zamani. Haipo tena.

Mlango ambao wazee wanaujua vizuri ni wa Msalaba Mwekundu. Kamati ya Kimataifa ilisimamisha kazi Burundi mwaka 1996 baada ya wafanyakazi wake watatu kuuawa Mugina, Cibitoke, lakini ilirudi, na tangu 1999 ikaanza tena kutembelea wafungwa. Wakimtembelea mtu wanamwandika jina, na safari nyingine wanamuuliza kwa jina lile lile. Hawasemi hadharani walichokiona. Wengine hukasirika kwa hilo, lakini ukimya huo ndio unaowafungulia geti. Kwako wewe uliye kambini, pita kwa Msalaba Mwekundu wanaotafuta jamaa waliopotea, au kwa ofisi ya ulinzi ya HCR. Wao pia wanaweza kukusaidia kuandika kwa Kikundi cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia watu waliopotezwa, kilichoanza mwaka 1980. Hakuna malipo. Ikiwa mtu amepotea kwa muda usiozidi miezi mitatu, kinashughulikia kwa haraka, ndiyo maana nasema mapema. Akitokea mtu wa kukuambia toa pesa akupeleke faili Geneva, huyo ni mwizi.

Sasa unasema nini ukifika? Hapa ndipo taarifa nyingi zinapoharibika. Mama anakuja analia, anasema "Wamemchukua mwanangu Rasta." Rasta ni jina la karitie. Kwenye karangamuntu ameandikwa jina lingine kabisa, na msikitini wanamwita la tatu. Toa yote matatu, pamoja na jina la baba na la mama, mwaka wa kuzaliwa na mahali. Eleza siku na saa, hata kama ni "baada ya Isha". Eleza avenyu, waliomchukua walivaa nini, gari la rangi gani, namba yake kama kuna aliyeiona, nani alikuwepo. Sema alionekana wapi mara ya mwisho na nani alimwona. Sema kama ana kifafa, sukari, pumu au anameza dawa kila siku, kwa sababu hilo ni jambo la uhai na linaweza kuulizwa hata pale ambapo maswali mengine hayajibiwi. Tenganisha ulichokiona na ulichosikia. "Nilisikia" si aibu, lakini isemwe kuwa ni nilisikia. Ukizidisha chumvi kidogo tu, anayekanusha atashika hapo hapo.

Usiandike kwenye makundi ya simu, na usisome jina la shahidi mbele ya watu bombani. Kuna watu kule nyumbani ambao bado wanaweza kuumizwa.

Na wewe uliyetoka ndani, sikiliza mwili wako. Mtu aliyepigwa sana, mkojo wake ukiwa mweusi kama kokakola au ukipungua, aje zahanati siku hiyo hiyo. Nyama iliyopondwa inatoa sumu inayoharibu figo, na kusubiri hadi kesho kunaweza kumuua. Aliyefungwa mikono nyuma kwa muda mrefu akiona vidole vina ganzi au havishiki kikombe, aje pia. Aliyebakwa, mwanamke au mwanaume, dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafaa ikianza ndani ya saa 72. Aliyekaa gerezani akikohoa wiki mbili apimwe kifua kikuu. Mpimba ilijengwa kwa watu 800, na imekuwa ikijazwa maelfu, wanalala wamebanana na kupumuliana usiku kucha.

Zile alama mwilini ni ushahidi, na zinafutika. Daktari anaweza kuzichora, kuzipima na kuandika umeeleza zilitokana na nini. Kuna mwongozo wa kimataifa wa kazi hiyo, unaitwa Itifaki ya Istanbul, wa tangu 1999. Hata makovu ya miaka kumi yanasoma kitu kwa anayejua kuyasoma, kwa hiyo usiseme umechelewa. Omba nakala ya karatasi yako, uiweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na PV au karatasi ya kuachiwa kama uliipata.

Kwa wasiolala usiku, wanaoshtuka mlango ukigongwa, au wanaowapiga watoto bila kujua kwa nini: kuna mshauri nasaha, na kuzungumza naye si kichaa.

Huna lazima ya kumweleza mhamasishaji kisa chako. Sisi tunaishi nyumba jirani na nyinyi na tunajua kuta za hapa ni turubai. Sema tu, "Nataka kuonana na daktari peke yangu," nasi tutakusindikiza hadi mlangoni.