KWENDA KUFANYA KAZI UGENINI

Katika vijiji vya Kasulu na Kibondo ni koo chache ambazo hazijatoa mtu aliyekwenda kufanya kazi mbali. Baadhi yao walirudi na nguo na fedha. Wengine walirudi mikono mitupu. Wengine hawakurudi kabisa. Katika somo hili tutaona kazi hizo zilikuwaje, na mtu anayekwenda ugenini leo anaweza kujifunza nini.

Kwa nini watu walikwenda

Hapo zamani watu wa Buha walikuwa na kazi ya msimu karibu na kwao. Wakati wa kiangazi walikwenda Uvinza kupika chumvi. Maji ya chemchemi za Uvinza yana chumvi nyingi. Waliyachemsha katika vyungu mpaka maji yakakauka, chumvi ikabaki. Mvua zilipokaribia, walirudi nyumbani kulima.

Wakoloni walipokuja walidai kodi, na kodi hiyo walitaka ilipwe kwa fedha. Lakini hapa kwetu fedha ilikuwa adimu. Wakoloni waliufanya mkoa wetu kuwa mahali pa kupata wafanyakazi wa mashamba ya mbali, hasa mashamba ya mkonge ya Tanga.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani aliyeitwa Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Marekani, lakini iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Miche hiyo michache ilizaa mashamba makubwa. Katika miaka ya 1960 nchi yetu iliongoza duniani kwa kutoa mkonge. Ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Mashamba hayo yalihitaji watu wengi. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuandikisha wafanyakazi, iliyoitwa SILABU. Waha wengi waliandikishwa. Warundi nao walivuka mpaka na kwenda. Kila mtu alipewa namba yake. Ndiyo maana watu hao waliitwa manamba.

Safari

Safari ilianza kwa miguu au kwa lori mpaka Kigoma mjini. Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914. Watu walipanda garimoshi, wakapita Tabora na Dodoma. Mpaka mwaka 1963 reli ya kati ilikuwa haijaunganishwa na reli ya Tanga. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya safari ilikuwa ya lori.

Kazi na kipande

Mkata mkonge aliamka alfajiri. Alikata majani yenye miiba mikali nchani, akayafunga mafungu. Nyapara alihesabu mafungu hayo. Aliyemaliza kazi yake ya siku aliandikiwa siku moja katika kadi. Kadi hiyo iliitwa kipande, na ilikuwa na nafasi za siku 30. Mshahara ulilipwa kipande kilipojaa. Ambaye hakumaliza kazi yake, siku hiyo haikuhesabiwa.

Babu yangu alikwenda Tanga katika miaka ya 1950. Alikuwa hajui kusoma wala kuandika. Kila jioni alimpa karani kipande chake, karani akaandika, naye akakirudisha mfukoni. Alipodhani kuwa amefikisha siku 30, aliambiwa ana siku 26. Babu hakuweza kubisha, maana hakujua kilichoandikwa. Alifanya kazi siku nne zaidi.

Kuanzia hapo alitafuta kamba ya mkonge. Kila siku aliyomaliza kazi alifunga fundo moja. Kipande cha pili kilipokwisha, alikwenda kwa karani na kamba yake. Walihesabu mafundo pamoja. Siku mbili zilikuwa hazikuandikwa, na karani aliziandika palepale. Kamba ile ndiyo ilikuwa daftari la babu. Lakini alituambia mara nyingi, "Kamba hujua kuhesabu tu. Haijui kusoma mkataba."

Siku ya Jumapili

Jumapili haikuwa siku ya kazi. Wengine walicheza ngoma za kwao, na ngoma ziliwapunguzia upweke. Wengine walikunywa pombe kwa mkopo. Mwisho wa mwezi mshahara uliishia kwa mwenye pombe. Walioona haya kurudi bila kitu waliweka mkataba mwingine, na mwingine tena. Hivyo ndivyo baadhi yao walivyolowea huko.

Babu alikuwa na desturi ya kutembea. Jumapili moja alikwenda kuona bahari. Aliona maji yasiyo na ng'ambo, akafikiri ni kama Ziwa Tanganyika. Akateka kwa kiganja ili anywe, akatema mara moja. Maji ya ziwa letu hunyweka, lakini maji ya bahari ni ya chumvi.

Alipokaa pale mpaka jioni, aliona kuwa maji yamerudi nyuma na mashua zimelala juu ya mchanga. Alimwuliza mvuvi mmoja, naye alimweleza kuwa bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Leo tunajua sababu yake. Ni mvuto wa mwezi na jua. Wavuvi wa pwani hupanga kazi yao kwa kuutazama mwezi, kama sisi tunavyopanga kilimo kwa kutazama mvua.

Jumapili nyingine alikwenda kwenye mapango ya Amboni, kaskazini ya mji wa Tanga. Mapango hayo yamo katika mawe ya chokaa. Maji yaliyayeyusha mawe hayo kidogo kidogo kwa miaka mingi sana. Siku nyingine alipata lori mpaka Tongoni, kusini ya mji. Huko kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale yaliyojengwa kwa mawe. Mji huo ulikuwapo kabla ya Wareno kufika pwani yetu. Babu alishangaa. Alikuwa ameambiwa kuwa kabla ya Wazungu hapakuwa na watu waliojenga kwa mawe.

Matembezi hayo yalimgharimu fedha kidogo. Alirudi Kasulu na fedha za kodi, blanketi mbili na kombe moja la baharini. Blanketi zilichakaa zamani. Lakini habari alizoleta tunazo mpaka leo.

Kazi ya msimu siku hizi

Siku za manamba zimekwisha. Hata hivyo vijana wetu bado huenda mbali. Wengi huenda Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, kulima tumbaku. Kazi huanza kwenye vitalu kabla ya mvua. Mara nyingi malipo hungoja mpaka tumbaku iuzwe. Kijana ambaye hana maandishi yoyote anaweza kufanya kazi miezi mingi, kisha akabishana na tajiri wake bila ushahidi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Kama mfanyakazi hayaelewi, mwajiri lazima ahakikishe anaelezwa mpaka aelewe. Sheria hiyo pia inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Tena inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka nyumbani, fanya mambo haya:

1. Uliza jina la mwajiri, kijiji, aina ya kazi, na tarehe ya malipo. Yaandike.
2. Soma mkataba wote kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Baki na nakala.
3. Nunua daftari. Andika kila siku uliyofanya kazi na kila fedha uliyochukua.
4. Waachie jamaa zako maandishi ya mahali unakokwenda.
5. Siku ya mapumziko, tembea, tazama, uliza, na andika uliyoyaona.

Ukifanya hivyo, utarudi na haki yako na elimu pia.

Maswali

1. Kwa nini wafanyakazi wa mkonge waliitwa manamba?
2. Kamba ya babu ilimsaidia nini? Haikuweza kumsaidia nini?
3. Katika kijiji chenu, nani amewahi kufanya kazi mbali? Mwombeni aje darasani awaeleze aliyoyaona.