Wingu Lenye Mita

Makala ya pili: Sifa tano za huduma za wingu na namna zinavyolipiwa

Hadi mapema mwaka 2015, mtu aliyesimama sokoni Voi akimtumia nduguye wa Mwatate shilingi mia tano kwa M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, hesabu ya pesa hizo haikufanyika Voi, wala Mwatate, wala Nairobi. Seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Ujumbe ulitoka kwenye simu, ukavuka bahari, huko akaunti moja ikapunguzwa na nyingine ikaongezwa, kisha majibu yakarudi kabla muuza nyanya hajamaliza kufunga mfuko. Aprili mwaka huo kampuni ya simu ya Safaricom ilizihamishia seva hizo Kenya.

Makala yetu ya kwanza ilimalizikia kwenye swali: je, kompyuta ikiwa mbali, hiyo yatosha kuiita wingu? Mfano wa M-Pesa unatupa jibu, nalo ni hapana. Seva zile zilikuwa mbali, lakini zilikuwa za kazi moja na mwenyewe mmoja, kama shamba ulilonunua ugenini. Kuwa mbali hakulifanyi shamba kuwa soko.

Wingu lina alama zake. Septemba 2011, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilichapisha waraka mfupi ulioandikwa na Peter Mell na Timothy Grance. Waraka huo ulitaja sifa tano, na tangu hapo wataalamu wengi duniani wamezitumia kama kipimo. Huduma isiyotimiza zote tano inaweza kuwa nzuri na ya bei nafuu, lakini si wingu.

Sifa ya kwanza ni kujihudumia papo hapo. Mtu anayefahamu namna ofisi za umma zinavyonunua vifaa anaijua njia yake: ombi, bajeti, zabuni, hati ya ununuzi, kisha kungoja mzigo upande kutoka bandarini. Seva moja huweza kula miezi. Kwenye wingu, fundi wa Wundanyi anafungua ukurasa, anachagua ukubwa wa mashine, anabonyeza, na baada ya dakika chache mashine iko tayari. Hakumpigia mtu simu wala hakusubiri mhuri.

Sifa ya pili ni kufikika kupitia mtandao kwa kifaa chochote cha kawaida, iwe simu ya mkononi au kompyuta ya ofisini. Hapa kaunti yetu ya Taita Taveta imekaa mahali pazuri. Kebo za baharini zilizotua Mombasa kuanzia mwaka 2009, TEAMS na SEACOM kisha EASSy, huendelea bara kwa nyaya za nchi kavu, na njia kuu ya Mombasa kwenda Nairobi inapita Voi. Lakini njia ikikatika, wingu hutoweka ghafla. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwenye njia ya kuelekea Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Vituo vikubwa vya wingu vilivyo barani Afrika viko upande huohuo: Microsoft ilifungua vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Kwa hiyo ukiweka kazi yako mawinguni, jua pia inaning'inia kwenye waya gani.

Sifa ya tatu ni rasilimali za pamoja, na kwa sifa hiyo hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, zinalishwa na mvua inayozama katika miamba ya volkano ya Chyulu. Tangu miaka ya 1950, bomba la kilomita zipatazo 220 limekuwa likipeleka maji hayo Mombasa, na Voi nayo hupata mgao wake. Mwenye nyumba wa Changamwe hajui lita zake zilikuwa upande gani wa chemchemi, wala hana haja ya kujua. Kituo cha data kiko vivyo hivyo. Mashine moja kubwa hukatwakatwa kwa programu ikawa mashine ndogo nyingi, na wapangaji wasiojuana wakagawana. Shule ya Taveta inaweza kulala kwenye chuma kimoja na benki ya Brazil, kila mmoja nyuma ya ukuta wake.

Sifa ya nne ni unyumbufu, yaani kupanuka na kusinyaa upesi kadiri ya kazi. Mkenya yeyote mwenye nambari ya KRA, mamlaka ya mapato, anajua tarehe 30 Juni ilivyo, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi. Mwaka mzima watu wanastarehe, kisha siku za mwisho wote wanaukimbilia mfumo wa iTax. Ukinunua seva za kutosha siku hiyo, miezi kumi na moja zitakaa zikipigwa na kiyoyozi bure. Ukinunua za siku ya kawaida, Juni itakuaibisha. Chuo kinachosajili wanafunzi kina tatizo hilohilo, na hoteli za mlangoni mwa Tsavo Mashariki pia, Desemba watalii wanapoomba vyumba kwa pamoja. Wingu linaongeza mashine mzigo unapopanda na kuziondoa unaposhuka.

Sifa ya tano ni huduma inayopimwa. Kila saa ya mashine, kila gigabaiti iliyohifadhiwa, kila gigabaiti iliyosafirishwa inaandikwa. Nimeiacha mwisho kama walivyoiacha waandishi wa waraka, ila kwa maoni yangu hii ndiyo inayozibeba nyingine. Bila mita, mtoa huduma asingethubutu kukuachia ujihudumie, wala kugawa chemchemi moja kwa maelfu, wala kukuruhusu upanuke utakavyo. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1961, mwanasayansi John McCarthy alisema huko MIT kwamba siku moja kompyuta huenda ikauzwa kama huduma ya umma, mfano wa simu. Amazon ilipofungua huduma yake ya kukodisha mashine Agosti 2006, bei ilikuwa senti 10 za dola kwa saa. Kufikia mwaka 2017, mashine nyingi zilikuwa zikihesabiwa kwa sekunde.

Basi tuje kwenye bili.

Bei ya kwanza ni kulipa kadiri unavyotumia. Hii ni bei ya kisiagi. Hakuna anayenunua mashine ya kusaga kwa sababu ya gorogoro mbili za mahindi kwa wiki. Anabeba mahindi yake, anasagiwa, analipa, anaondoka. Hana mtaji uliokwama, lakini kwa kila gorogoro analipa zaidi ya gharama ya mwenye mashine, maana mwenye mashine naye anataka kula.

Bei ya pili ni ya mkataba. Ukiahidi kutumia kwa mwaka mmoja au mitatu, unapunguziwa. Amazon hutangaza punguzo linalofika hadi asilimia 72. Ni kama mchuuzi anayekodi kibanda kwa mwaka badala ya kulipa ushuru kila siku ya soko. Anapata nafuu, ila akiugua miezi miwili, kodi haiugui naye.

Bei ya tatu ni ya mabaki. Mtoa huduma akiwa na mashine zisizo na mpangaji huziuza kwa bei ya kutupa, pengine hadi asilimia 10 tu ya bei ya kawaida, kwa sharti la kuzitwaa wakati wowote akizihitaji. Amazon hutoa onyo la dakika mbili tu. Watu wa barabara ya Mombasa wanaielewa bei hii bila mwalimu: lori lililopandisha mzigo Nairobi linashuka tupu, na dereva atakubebea magunia kwa bei ya chini kuliko uliyotazamia. Lakini usimpe samaki wabichi, na usimwambie saa ya kufika. Kazi inayoweza kukatizwa na kuanzwa upya, mfano kuchambua picha za setilaiti, inaifaa bei hii. Mfumo wa hospitali haufai.

Bei ya nne ni ya kichwa: kiasi fulani kwa mwezi kwa kila mtumiaji wa programu, kama barua pepe za ofisi au hesabu za chama cha akiba na mikopo. Ni rahisi kuitabiri, mradi ukumbuke kufuta majina ya walioacha kazi. Na ya tano ni ya bure, kama gigabaiti 15 ambazo Google humpa kila mwenye akaunti. Cha bure kina kikomo, na kikomo hicho hukukuta ukiwa umeshahamishia picha zote za harusi.

Tupige hesabu ya mfano, si ya mtu yeyote. Shule inataka seva. Ikinunua ya shilingi 480,000 na kuitumia miaka mitano, hiyo ni shilingi 8,000 kwa mwezi kabla ya umeme, betri na fundi. Ikikodi mashine ndogo ya senti 5 za dola kwa saa na kuiacha iwake usiku na mchana, mwezi wa siku 30 una saa 720, sawa na dola 36. Kwa shilingi 129 kwa dola, ni shilingi 4,644. Sasa mwalimu wa kompyuta awe anaizima jioni na wikendi, itumike saa 8 kwa siku 22 tu: saa 176, dola 8.80, shilingi 1,135. Mashine ni ileile, shule ni ileile. Tofauti ni kidole cha mtu anayekumbuka kuzima. Hifadhi ya mafaili huendelea kulipiwa hata mashine ikizimwa, lakini hiyo kwa kawaida ni ndogo.

Hesabu hiyohiyo ina mitego mitatu. Wa kwanza ni dola. Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160. Baadaye mwaka huo ikashuka hadi karibu 129. Mashine ya dola 36 ingelipiwa shilingi 5,760 wakati ule bila shule kuongeza hata mwanafunzi mmoja. Wa pili ni mlango wa kutokea. Watoa huduma wengi hupokea data yako bila malipo na kukutoza ukiitoa. Mwaka 2024 Google na Amazon ziliondoa ada hiyo kwa mteja anayehama moja kwa moja, lakini anayebaki na kupakua kila siku bado analipa. Mtego wa tatu ni usahaulifu. Tokeni ya umeme ikiisha, nyumba inaingia giza na hasara inakoma. Bili ya wingu kwa kawaida huja baada ya matumizi, na mashine iliyosahauliwa haitoi sauti. Bandu bandu huisha gogo.

Wapo walioona gogo likiisha wakarudi nyumbani. Kampuni ya programu ya 37signals ya Marekani ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaondoka mawinguni na kununua seva zake; bili yake ya mwaka huo ilifika dola milioni 3.2. Haikulaumu teknolojia. Kazi yake ilikuwa haipandi wala haishuki sana, kwa hiyo ilikuwa ikilipia unyumbufu isiouhitaji. Anayesaga magunia kila siku, mwaka nenda mwaka rudi, na anunue kisiagi chake.

Hukumu yangu ni hii. Wingu linamfaa anayeanza bila mtaji, ambaye kazi yake inapanda na kushuka, na ambaye hana fundi wa kukesha na betri umeme ukikatika. Halimfai anayedhani ni mahali pa kutupa mambo na kuyasahau. Sisi tunaoishi kando ya bomba la Mzima tumejua zamani kwamba kupitiwa na bomba ni jambo moja na kuwa na mfereji ni jambo jingine. Na mwenye mfereji asiyesoma mita hana wa kumlalamikia mwisho wa mwezi.

Juma lijalo tutauliza nani anailinda data iliyo mawinguni, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka nini mwenye hospitali, shule au chama anayeiweka kwenye mashine ya mtu mwingine. Kabla ya hapo, msomaji mwenye ofisi, itisha bili ya mwezi uliopita na uulize kila mstari ni wa mashine gani. Ukikuta mstari ambao hakuna anayeweza kuueleza, zima hiyo kwanza.