Je, Wajua Diski Mbili Hazikimbii Mara Mbili?

Video ya harusi iliyopigwa kwa kamera ya 4K, kwa megabiti 100 kwa sekunde, hula gigabaiti 45 kila saa. Ongeza kamera ya pili, ongeza na ruracio (sherehe ya mahari) ya wiki iliyotangulia, na mhariri anayefanyia kazi chumbani mwake mtaani Umoja au Donholm anakuta diski imejaa na kompyuta inajikokota. Hapo ndipo atashauriwa aongeze diski ya pili na kuziunganisha kwa RAID. Ushauri huo unaweza kumfaa sana au kumtia hasara, kutegemea kilichomo ndani ya kompyuta yake.

RAID ni mbinu ya kuunganisha diski kadhaa ili kompyuta izione kama diski moja. Mbinu hiyo ilipata jina lake katika makala ya 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walidai kwamba kundi la diski ndogo za bei nafuu linaweza kuishinda diski moja kubwa ya kompyuta ghali za enzi hizo. RAID 0 hukata faili vipande na kuvigawa kwa diski zote, ili zisome na kuandika kwa pamoja. RAID 1 huandika kitu kilekile katika diski mbili. RAID 5 huhitaji diski tatu au zaidi, na huweka hesabu ya ziada: ukijua jumla ni 12 na nambari moja ni 7, ile iliyopotea ni 5. Diski moja ikifa, yaliyokuwemo hukokotolewa upya kwa njia ya namna hiyo.

Sasa tupime kazi halisi, kuhamisha zile gigabaiti 45. Diski nzuri ya mizunguko 7,200 kwa dakika huandika takriban megabaiti 150 kwa sekunde, kwa hiyo ingemaliza kwa dakika 5. Mbili kwa RAID 0 zingemaliza kwa dakika mbili na nusu. Lakini video inatoka kwenye kadi ya kamera, na kadi za kawaida za aina ya UHS-I hazivuki megabaiti 104 kwa sekunde hata kwa nadharia. Kwa megabaiti 90, kazi hiyo ni zaidi ya dakika 8, uwe na diski moja au nne. Na kisoma-kadi kikiwa kimechomekwa kwenye tundu la zamani la USB 2.0, lenye uwezo wa megabaiti 35 hivi, subiri dakika 21. Mhariri huyu angenunua kisoma-kadi cha USB 3.0 kabla ya kitu kingine chochote.

Kinachokera zaidi, yaani programu kuchelewa kufunguka na panya kuganda, RAID 0 haikitibu. Sahani ya diski ya 7,200 huzunguka mara 120 kwa sekunde. Kichwa cha kusomea hutumia milisekunde 9 hivi kufika kwenye mstari wake, kisha kwa wastani husubiri milisekunde 4 nyingine mpaka data izunguke na kukifikia. Jumla ni 13, na faili moja ndogo itasubiri muda huo hata kama diski ziko sita. SSD, isiyo na sahani wala kichwa, hujibu kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. Kwa kazi za namna hiyo, SSD moja ndogo hushinda safu nzima ya diski za kuzunguka.

Ukifungua kompyuta ya ofisini ya ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, zile nyembamba, mara nyingi utakuta nafasi ya diski moja tu ya inchi 3.5, na ya pili itabidi ikae palipokuwa kisoma-CD. Angalia pia matundu ya SATA, yale ya kuchomekea diski. Katika bodi za 2011 zenye chipu za Intel za mfululizo wa 6, mara nyingi ni moja au mawili tu yanayopitisha gigabiti 6 kwa sekunde, na yaliyobaki gigabiti 3. Diski ya kuzunguka haijali, lakini SSD ikichomekwa kwenye tundu la polepole hupoteza karibu nusu ya kasi yake. Soma na lebo za diski zenyewe. Ukioanisha ya 7,200 na ya laptopu ya 5,400, zote mbili zitakwenda kwa mwendo wa ile ya nyuma.

Halafu kuna stima. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, na Kenya karibu nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alipona. RAID 5 ndiyo inayoumia zaidi stima ikikatika ghafla, kwa kuwa data inaweza kuwa imeandikwa huku hesabu yake ya ziada haijaandikwa, na kosa hilo likajitokeza miezi baadaye, siku diski moja itakapokufa. Kuijenga upya diski ya terabaiti 4 kwa megabaiti 150 kwa sekunde huchukua zaidi ya saa 7. Bila UPS, yaani betri ya akiba, sioni kwa nini mtu aweke RAID 5 nyumbani. Laptopu kuukuu yenye betri nzima iko salama kuliko mnara wa diski nne.

Studio za muziki zina tatizo jingine. Huko Dandora, lilikotoka kundi la rap la Kalamashaka, na katika mitaa jirani, vyumba vya kurekodia vina spika kubwa mezani pamoja na kompyuta. Mwaka 2008 Brendan Gregg, mhandisi wa Sun Microsystems, alionyesha kwenye video kwamba ukizipigia diski kelele, majibu yake huchelewa, kwa sababu mtikisiko huyumbisha kichwa. Weka diski sakafuni, mbali na besi. Kasi haiwasumbui watu wa muziki: mikondo 40 ya sauti ya biti 24 kwa kiloherzi 48 haifiki hata megabaiti 6 kwa sekunde.

Kwa pesa za kuhesabu, mimi ningeweka SSD kwa mfumo na kazi ya wiki hii, na diski mbili zinazolingana kwa RAID 1 kwa kazi zilizokwisha. RAID 0 ningeiacha, maana diski moja ikifa zote zimekwenda, na mbili zina karibu mara mbili ya nafasi ya kukuangusha. Hata RAID 1 hufuta kwa utiifu pande zote mbili ukibonyeza kitufe vibaya, na mwizi huibeba nzima. Kwa hiyo diski ya tatu, isiyounganishwa na chochote, ikae nyumba nyingine kabisa, kwa dada yako Komarock au ushago, na iletwe kila mwezi kuongezwa mapya.