Je, Wajua? Kidonge Nacho Kina Nguo Zake

Ile sauti ya "pa!" kidonge kikichomoka kwenye pakiti unaijua? Hapo umepasua alumini ambayo kwa kawaida ina unene wa maikromita 20 hivi. Panga 50 za namna hiyo, moja juu ya nyingine, ndipo upate milimita 1!

Na plastiki angavu ya upande wa pili? Mara nyingi ni PVC, ndugu wa bomba la maji. Hupashwa moto ikalegea, ikabonyezwa kwenye kalibu, vishimo vikatokea. Inaonekana imeziba kabisa, sivyo? Kumbe mvuke wa maji hupenya, taratibu!

Ndiyo maana dawa isiyopatana na unyevu hufungwa alumini pande zote mbili. Alumini hiyo haipashwi moto, hufinyangwa baridi. Igeuze utakavyo, kidonge hukioni mpaka uipasue.

Unadhani pakiti inayovuja hukamatwaje? Huzamishwa kwenye maji ya buluu, hewa ikanyonywa kwa pampu, kisha ikarudishwa. Penye tundu, hata lile usiloliona kwa macho, rangi huingia na kidonge hutoka buluu. Ubishi umekwisha!

Kuna na kabati la mateso, la kupimia kama dawa itadumu. Dawa hukaa humo ndani ya pakiti yake miezi 6, joto nyuzi 40, unyevu asilimia 75. Joto hilo hata Dar ya Februari hailifikii!

Sasa sogea, hili ndilo nilipendalo kuliko yote. Marekani, pakiti ya kuzuia watoto hujaribiwa na watoto wenyewe, wa miezi 42 hadi 51! (Usiogope, ndani hamna dawa ya kweli.) Hupewa dakika 5 waifungue. Wakishindwa, mtu mzima huwaonyesha inavyofunguka, huwaambia hata meno ruksa, kisha huongezwa dakika 5 nyingine. Halafu huitwa watu wa miaka 50 hadi 70, na hao sharti walio wengi waiweze! Mwenye mjukuu anajua nani mjanja zaidi hapo.

Na wewe unayekatiwa vidonge vinne kwa mkasi dukani, umewahi kutafuta tarehe ya kuisha muda? Mara nyingi hugongwa ukingo mmoja tu. Ukikatiwa upande wa pili, tarehe imebaki kwa muuzaji. Mwambie akuonyeshe kile kipande kingine, kabla hajakirudisha kwenye boksi!