Viatu vya Ngozi ya Samaki

Binti yangu wa miaka 12 aliangua kicheko. "Mama, viatu vya ngozi ya samaki! Si paka watamfuata aliyevivaa njia nzima?"

Sisi ni wa Kirumba, Mwanza, jirani na mwalo. Ngozi ya sangara huishia kwenye sahani. Lakini Kirsti, mtoto wa miaka 5 katika riwaya ya Number the Stars, viatu hivyo vilimliza. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeifanya ngozi ya ng'ombe kuwa adimu huko Denmark, na mama yake alirudi kutoka dukani na viatu vya kijani, vyenye alama za magamba. Ellen, rafiki wa dada yake, akambembeleza: baba yake mwenyewe ana wino mweusi, vitapakwa.

Riwaya hiyo ya Lois Lowry ilitoka 1989, na mwaka uliofuata ikapata Medali ya Newbery ya Marekani. Mimi hufundisha historia, na ninajua jinsi vita hivyo vinavyowachosha wanafunzi wakipewa tarehe tupu. Lowry ameviteremsha hadi kwenye kimo cha mtoto.

Tarehe zenyewe ni hizi. Ujerumani iliivamia Denmark Aprili 1940. Mwishoni mwa Septemba 1943, Georg Duckwitz, ofisa wa Kijerumani mjini Copenhagen, aliwatonya wanasiasa wa Denmark kwamba Wayahudi wangekamatwa. Majirani wakawaficha majumbani na hospitalini, na wavuvi wakawavusha usiku hadi Sweden, nchi iliyokuwa nje ya vita. Waliovuka walizidi 7,000; waliokamatwa hawakufika 500.

Sasa msome Annemarie, dada yake Kirsti, mwenye miaka 10. Ellen ni Myahudi, na amefichwa kwenye boti ya mjomba wa Annemarie. Annemarie anatumwa kumkimbizia mjomba pakiti, kikapuni, pamoja na mkate na jibini. Njiani anakutana na askari wenye mbwa. Wanaichana pakiti. Ndani mna leso.

Binti yangu alifunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Leso? Yaani angeuawa kwa ajili ya leso?"

Sikumjibu, maana Annemarie mwenyewe hakujua. Mjomba alikuwa amemwambia mapema kuwa ujasiri ni rahisi zaidi kwa asiyejua yote. Jibu huja baadaye: leso ilitiwa mchanganyiko wa damu kavu ya sungura na kokeini. Damu humvuta mbwa, kokeini huitia pua yake ganzi, asiwanuse watu waliojificha botini.

Hapo nina ushauri kwa mzazi: maneno ya mwandishi, yale ya kurasa za mwisho, usiyaruke. Humo Lowry anaeleza kwamba leso hizo zilitumika kweli.

"Na Ellen?"

"Ellen ametungwa."

Alinuna kidogo. Basi tukachukua daftari, tukapiga mstari katikati: kushoto yaliyotungwa, kulia yaliyotokea. Ellen kushoto. Duckwitz kulia. Leso kulia. Ikafika zamu ya viatu, kalamu ikasita. Kirsti hakuwahi kuishi. Uhaba wa ngozi ulikuwepo.

Binti yangu akafikiri, kisha akaviandika juu ya mstari wenyewe, kimoja huku, kimoja kule.