Mbwa Alijua Mvua Inakuja

Je, mpenzi msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipotembea na watoto wako kwa miguu bila kuwa na shughuli mnayoiendea? Wengi wetu wa Kericho na Bomet huyaona majani chai kupitia dirisha la matatu tu, kana kwamba ni picha iliyobandikwa ukutani.

Oktoba Jumamosi moja yatosha. Huko Ulaya huu ni msimu wa miti kupukutisha majani. Chai yetu haipukutishi. Kinachobadilika hapa ni anga. Asubuhi jua, alasiri mvua, tena mara nyingi mvua ya mawe. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Basi toka saa moja asubuhi, na saa nane ikukute nyumbani. Shika hilo. Mimi sikulishika.

Tulikuwa sita, saba ukimhesabu Simba, mbwa wetu. Tulielekea bustani ya miti iliyo karibu na bwawa la Chagaik, kilomita kama 8 kutoka mjini, upande wa barabara ya Nakuru. Aliyeianzisha mwaka wa 1946 ni mkulima wa chai, Tom Grumbley. Kuna kivuli kizuri na mbega wengi. Simba alipowaona mbega alisimama kwa miguu miwili, na mwanangu wa miaka tisa aliyeshika kamba nusura aburutwe hadi majini. Kwa hivyo mbwa asifunguliwe kamba, na awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Njia nyingi za huko hupita katika mashamba ya kampuni. Omba ruhusa kwanza.

Tulikula mahindi ya kuchemsha, tukanywa chai ya maziwa na mursik kutoka kibuyu cha nyanya. Yamkini tungalirudi mapema lau si nyanya mwenyewe. Tulipofika kwenye mwinuko fulani katikati ya majani chai, alisimama akaelekeza fimbo. "Pale ndipo palipokuwa na boma la babu yangu," akasema. Alionyeshwa na babake akiwa msichana mdogo.

Watoto wakanyamaza. Shuleni walifundishwa kwamba chai huleta fedha za kigeni. Hawakufundishwa kwamba Wakipsigis walihamishwa ili ipandwe, wala kwamba ukoo wa Talai ulifukuzwa kwa sheria ya mwaka wa 1934 na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Mwaka wa 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliamua kwamba watu hao walidhulumiwa. Kitinda mimba akauliza, "Kogo, sasa utarudi lini?" Nyanya akacheka, lakini hakumjibu.

Wakati huo Simba alikuwa akilia kwa sauti nyembamba, masikio chini, akivuta kamba kuelekea tulikotoka. Nikamkemea. Saa nane na nusu radi ikapiga, na mawe yakaanza kuanguka.

Majani chai hufika kiunoni tu, msomaji, hayana pa kujificha. Tulikimbia, mifuko vichwani, hadi kibanda cha kupimia majani. Kitinda mimba, mwenye miaka mitano, alikuwa akitetemeka, midomo imebadilika rangi, na mara akaacha kutetemeka na kutaka kulala. Hapo ndipo nilipoogopa. Nyanya hakungoja shauri la mtu: alimvua nguo zote zilizolowa, akamfunga kwa sweta yake kavu aliyokuwa ameificha ndani ya kiondo, akamkumbatia kifuani. Usimsugue mtoto wa namna hiyo, wala usimwache alale. Mpashe joto polepole, umpe kitu cha moto anywe. Chai iliyobaki katika thamosi ilitosha kikombe kimoja. Simba, ingawa alikuwa amelowa chepechepe, alijilaza juu ya miguu ya mtoto na hakuondoka.

Baada ya robo saa mtoto akaanza kulalamika kwamba mbwa ananuka. Sijawahi kufurahia malalamiko kiasi hicho.

Kwetu mbwa hulala nje. Usiku ule nyanya alifungua mlango wa jikoni mwenyewe, akasogeza kigoda kando ya jiko, na Simba akaingia.